Pombe na Vileo katika Uganga wa Wachina

Kila mara tunapofundisha juu ya ulevi, neno moja linaturudia. Mkristu anaonywa kwa ajili ya pombe, naye anajibu: «Padri, mimi sinywi kwa ulevi, ninakunywa dawa.» Kumbe mganga amempa mizizi iliyolowekwa katika lutuku, akamwamuru anywe asubuhi na jioni. Katekista aseme nini? Wengine wanakata neno upesi: kila dawa yenye pombe ni uongo wa mlevi. Wengine wanaacha yote yapite, wakisema kwamba wazee walijua walichofanya. Majibu hayo mawili yanafanana kwa jambo moja: yote mawili yanamwepusha mtu na taabu ya kuchunguza.

Tumeona inafaa kutazama taifa lingine lililochunguza jambo hilo kwa muda mrefu na kuliandika, ndio Wachina. Katika uganga wao pombe ina kiti cha heshima, lakini tangu zamani vitabu vilevile vinavyoisifu vinaiita pia sumu. Hatutaki kumfanya msomaji awe mganga wa Kichina, wala kusema kwamba desturi zao ni zetu. Tunataka aone namna watu wenye akili walivyotumia kitu kimoja kwa uzima, na namna kitu hicho hicho kilivyowaponyoka mikononi.

I. Pombe ya Wachina ni kitu gani?

Neno lao ni jiu. Vitabu vya Wazungu hulitafsiri mara nyingi kama «divai», na tafsiri hiyo inapoteza watu. Tangu kale jiu ya kawaida haitoki katika zabibu, inatoka katika nafaka: mchele wa kunata, mtama au uwele. Ni kitu cha zamani sana. Huko Jiahu, katika jimbo la Henan, wachimbaji wa vitu vya kale waliokota vigae vya mitungi vyenye miaka yapata 9000. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba vigae hivyo vilikuwa na mabaki ya kinywaji kilichochachuka, cha mchele, asali na matunda.

Namna ya kuipika inastahili kuelezwa, kwani ni ufundi wao wa pekee. Kwetu mpika pombe anaotesha nafaka kwanza, na kimea ndicho kinachogeuza unga kuwa utamu. Wachina wanatumia qu. Wanaponda ngano au mchele, wanalowesha kidogo, wanakandamiza kuwa kama matofali, na kuyaweka mahali pa joto hata yaote ukungu. Ukungu huo unageuza wanga wa nafaka kuwa sukari, na chachu inayokaa humo humo inageuza sukari kuwa kileo. Kazi hizo mbili zinakwenda pamoja ndani ya mtungi mmoja. Ndiyo sababu pombe ya mchele ya Shaoxing, katika jimbo la Zhejiang, inafika nguvu ya sehemu 15 hata 18 katika 100, hali bia ya chupa huwa na 5 hivi.

Pombe kali, ile inayopashwa moto hata mvuke wake upande, upoe na kudondoka matone, ilienea nyuma sana. Li Shizhen, mganga mkubwa wa karne ya 16, aliandika kwamba Wachina waliipata wakati wa ukoo wa Yuan (1271–1368). Hu Sihui, aliyeangalia chakula cha mfalme, aliitaja katika kitabu chake cha mwaka 1330 kwa jina lililotoka kwa Waarabu, yaani araki. Leo pombe ya namna hiyo inaitwa baijiu. Hutengenezwa hasa kwa mtama, na mara nyingi inapita sehemu 50 katika 100. Msomaji ashike neno hili, kwani litatusaidia mbele: kitabu cha mwaka 200 kinaposema jiu, hakisemi baijiu. Mtu anayesoma dawa ya kale na kuipima kwa kikombe cha pombe kali ya leo anakunywa kitu kingine.

Mapadri wanaelewa upesi jambo lingine linalotokana na neno hilo. Sheria ya Kanisa (kanuni 924) inadai kwa Misa divai ya zabibu isiyoharibika. Jiu ya mchele, hata ikiwa safi namna gani, haiwezi kuwekwa katika kalisi. Ndiyo maana wamisionari walipanda mizabibu huko Uchina. Huko Cizhong, katika milima ya Yunnan kando ya mto Mekong, mizabibu iliyoletwa na mapadri Wafaransa ingali ikilimwa karibu na kanisa lao.

II. Mtungi ndani ya neno «mganga»

Wachina wanaandika kwa alama, na alama nyingi zinaonyesha mawazo ya watu wa kale. Neno yi, yaani uganga, liliandikwa kwa alama ambayo sehemu yake ya chini ni mtungi wa pombe. Xu Shen, aliyemaliza kamusi yake kubwa mwaka 100, alieleza kwamba kazi ya mganga inahitaji pombe. Lakini kulikuwa pia na namna nyingine ya kuandika neno hilo hilo: mahali pa mtungi waliweka alama ya wu, yaani yule anayesema na mizimu. Basi alama hizo mbili zinatunza kumbukumbu ya njia mbili za kuponya, moja ya dawa ndani ya mtungi, nyingine ya kutuliza roho. Wachina waliendelea na zote mbili, lakini ile ya mtungi ndiyo iliyobaki katika maandiko ya kawaida.

Mtu akizungumza na Wachina juu ya pombe, haikawii kusikia kwamba pombe ni mkubwa wa dawa zote. Wengi wanadhani neno hilo lilitoka kwa mganga mtakatifu wa kale. Sivyo. Tunalisoma katika Historia ya ukoo wa Han, katika amri ya Wang Mang, aliyetawala toka mwaka 9 hata mwaka 23. Yeye alitaka serikali peke yake ishike biashara ya chumvi, ya chuma na ya pombe, akaeleza sababu kwa kusifu kila kimoja. Basi sifa kubwa kuliko zote za pombe kama dawa ilitoka kinywani mwa mtu aliyetafuta fedha zake. Hatusemi kwamba sifa hiyo ni ya uongo. Tunasema tu kwamba anayesifu dawa apaswa kuulizwa anapata nini humo.

III. Kazi ya pombe ndani ya dawa

Waganga wa Kichina wanafundisha kwamba uzima ni mwendo. Ndani ya mwili kunapita damu na qi, yaani pumzi au nguvu ya uhai. Zikikwama mahali, hapo maumivu huanza. Pombe kwa asili yake ni ya moto na inakwenda mbio. Kwa hiyo waliipa kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kubeba. Kitabu cha madawa kilichotunzwa na Tao Hongjing (456–536) kinaeleza pombe kuwa chungu, tamu na kali, yenye joto kubwa, na kwamba inaendesha nguvu ya dawa nyingine. Katika maelezo hayo hayo kimeandika pia: ina sumu. Hakikungoja mlevi afe ndipo kiseme.

Kazi ya pili ni kufungua mahali palipofungwa na baridi. Zhang Zhongjing, aliyeishi yapata mwaka 150 hata 219, ametuachia mifano iliyo wazi. Kwa mgonjwa ambaye moyo unadunda vibaya na mapigo yanaruka, aliamuru dawa ya mizizi ya susi pamoja na vitu vingine vinane, ipikwe katika sheng 7 za pombe na 8 za maji. Sheng moja ya wakati ule ni kama desilita mbili. Sheng hizo 15 zinachemshwa hata zibaki 3, na mgonjwa anakunywa moja moja, mara tatu kwa siku. Msomaji atambue maana yake: pombe ile haikuwa kali, na kwa kuchemshwa muda mrefu hivyo sehemu kubwa ya kileo ilitoka na mvuke. Kwa maumivu ya kifua yanayopenya hata mgongoni alitumia vitunguu vya porini na tunda la mboga itambaayo, vyote katika pombe. Kwa wanawake wenye kuchomwa tumboni alipika maua ya alizeti ya rangi, yale yanayotoa rangi nyekundu ya nguo, katika pombe kidogo.

Kazi ya tatu ni kutengeneza dawa kavu. Mizizi fulani hunyunyiziwa pombe na kukaangwa kabla ya kuuzwa. Wanasema kwamba mzizi wa dahuang, ambao kwa asili unasukuma chini na kuharisha, ukikaangwa na pombe nguvu yake inapanda juu kwanza. Hapo mgonjwa hanywi pombe kamwe. Pombe imefanya kazi yake juu ya moto.

Elimu ya leo inakubali sehemu moja ya fundisho hilo. Kuna vitu katika mimea ambavyo maji hayawezi kuvitoa, na kileo kinavitoa. Ndiyo sababu hata madawa ya Ulaya yalikuwa na chupa nyingi za dawa iliyolowekwa katika spirito. Lakini kileo hakichagui: kinatoa dawa, kinatoa na sumu.

Jambo moja zaidi juu ya Zhang Zhongjing, nalo kwetu ndilo kubwa. Dawa yake mashuhuri kuliko nyingi, ile ya mdalasini kwa homa ya baridi, haina pombe. Aliamuru mgonjwa ainywe, kisha anywe uji mwepesi wa moto ili uisaidie dawa, ajifunike na kutoka jasho. Na kati ya vitu alivyokataza kwa mgonjwa huyo, pombe imo. Bwana yule yule aliyepika moyo unaoruka katika pombe alimkataza mwenye homa asiiguse. Kwake pombe ilikuwa chombo kimoja kati ya vyombo vingi, nacho alikiweka chini wakati kisipofaa.

IV. Kileo cha kunyamazisha maumivu

Hua Tuo, aliyeuawa mwaka 208, anasifiwa katika historia za Wachina kuwa mpasuaji. Ugonjwa ukiwa ndani mno, alimpa mgonjwa unga uitwao mafeisan pamoja na pombe, hata mtu akalewa na kupoteza fahamu, ndipo alipompasua. Vitu vilivyokuwamo katika unga huo havikuandikwa, na ufundi huo ulipotea pamoja naye.

Karne nyingi baadaye twapata habari zilizo wazi. Dou Cai, katika kitabu cha mwaka 1146, alieleza unga wa maua ya datura na maua ya bangi wa kumlaza mgonjwa asisikie moto wa kuchomwa kwa majani ya dawa. Li Shizhen aliandika dawa inayofanana nayo, ya kunywa na pombe ya moto kabla ya kupasua jipu. Kisha akasimulia jambo la ajabu. Watu walisema kwamba ua la datura likichumwa na mtu anayecheka na kutiwa katika pombe, anayekunywa atacheka. Likichumwa na mtu anayecheza ngoma, anayekunywa atacheza. Li Shizhen hakulidharau neno la watu, wala hakuliamini bure. Alilijaribu mwenyewe. Aliona kwamba yapasa kunywa hata kufikia nusu ya ulevi, na tena mtu mwingine acheke au acheze mbele ya mnywaji ili amvute. Hapo ndipo inapotokea. Basi siri haikuwa katika mikono ya mchumaji. Ilikuwa katika kileo, ambacho kinamtoa mtu katika utawala wa akili yake na kumfanya afuate yeyote anayemwongoza. Tungependa kila mwalimu wa dini anayesikia hadithi za uchawi achunguze kama huyo.

V. Pombe katika sikukuu na mbele ya wahenga

Siku ya kwanza ya mwaka Wachina wa kale walikunywa pombe iitwayo tusu. Mganga Sun Simiao, aliyekufa mwaka 682, anaeleza: dawa zinafungwa katika mfuko mdogo na kutundikwa kisimani usiku wa mwisho wa mwaka, alfajiri zinatolewa na kutiwa katika pombe, na jamaa wote wanakunywa wakielekea mashariki, ili ugonjwa usiingie nyumbani. Kinyume cha karamu nyingine zote, anayeanza ni mtoto mdogo, na mzee ni wa mwisho. Sababu yake ni kwamba mtoto amepata mwaka, mzee amepoteza mwaka. Desturi hiyo ilivuka bahari, na Wajapani wameitunza hata leo.

Siku ya tano ya mwezi wa tano, joto linapoanza na wadudu kuzidi, watu walitia katika pombe unga mwekundu wa jiwe liitwalo xionghuang, wakanywa kidogo na kuwapaka watoto alama kwenye paji la uso ili nyoka na pepo wakimbie. Siku ya tisa ya mwezi wa tisa walipanda mlimani na kunywa pombe ya maua ya krisantemo ili waishi miaka mingi. Huko Shaoxing, binti akizaliwa, baba yake alifukia mitungi ya pombe ardhini. Ilifukuliwa siku ya arusi yake. Na bwana arusi na bibi arusi wa kale walikunywa katika vikombe viwili vilivyokatwa katika kibuyu kimoja.

Zaidi ya yote, pombe ilitolewa kwa wahenga. Na hapo Kanisa liliguswa. Padri Matteo Ricci, Myezuiti, aliyefariki Beijing mwaka 1610, pamoja na wenzake waliona kwamba heshima wanayopewa wahenga na Confucius ni heshima ya watoto kwa wazazi na ya wanafunzi kwa mwalimu. Wamisionari wengine waliona ni ibada ya miungu. Mabishano yalidumu zaidi ya miaka mia. Papa Klementi XI alikataza desturi hizo mwaka 1715, na Papa Benedikto XIV alilifunga shauri mwaka 1742, akiwaapisha wamisionari wote. Karibu karne mbili zikapita. Tarehe 8 Desemba 1939, wakati wa Papa Pio XII, Roma ilikubali kwamba kumheshimu Confucius na kuinama mbele ya wafu au mbele ya vibao vyenye majina yao kunaweza kufanywa kama heshima ya kiraia. Kabla ya kuhukumu tendo, lazima kwanza kujua maana yake kwa wale wanaolitenda. Na maana yaweza kugeuka kadiri ya nyakati.

VI. Dawa inapogeuka kuwa bwana

Tusidhani kwamba Wachina walikuwa wapofu juu ya ubaya wa pombe. Wanasimulia kwamba Yi Di alipika pombe ya kwanza iliyo tamu na kumpelekea mfalme Yu. Mfalme alionja, akapendezwa, na papo hapo akamfukuza Yi Di, akisema kwamba siku moja kitu hicho kitampotezea mtu ufalme. Katika Kitabu cha Historia, ambacho ni kimoja cha vitabu vyao vikuu, mna tangazo la ukoo wa Zhou lililotolewa yapata miaka elfu moja kabla ya Kristu. Linasema kwamba ukoo wa Shang ulianguka kwa ulevi, linaruhusu pombe kwa sadaka, na kutisha kwa kifo wale wanaokutana makundi makundi kwa kunywa tu.

Waganga nao walisema hivyo. Kitabu chao cha msingi, kinachoitwa cha Mfalme wa Manjano, kinaanza kwa kulalamika kwamba watu wa siku hizi wanakunywa pombe kana kwamba ni mchuzi, wanaingia chumbani wamelewa, na wakifika miaka hamsini wamechakaa. Mbele zaidi kinasema kwamba wenye hekima wa kale walitengeneza pombe ya dawa, lakini waliiweka akiba tu.

Mfano wa kutisha zaidi ni ule wa unga wa chakula baridi. Katika karne ya 3 mkubwa mmoja wa serikali, He Yan, aliyeuawa mwaka 249, alianza kunywa unga wa mawe matano. Mwanzoni ulikuwa dawa ya wagonjwa. Yeye alisema unampa akili nyepesi na nguvu, na wasomi wakamfuata. Unga huo uliwasha mwili kama moto: aliyeunywa alilazimika kutembea, kula chakula baridi, kuvaa nguo nyepesi, lakini pombe yake iwe ya moto. Pei Xiu, waziri na mchora ramani mashuhuri, alikunywa pombe baridi juu ya unga huo, akafa mwaka 271, akiwa na miaka 48. Mganga Huangfu Mi aliteswa nao miaka mingi, naye aliandika mateso hayo ili kuwaonya wengine. Sun Simiao alishauri kwamba anayeiona karatasi ya dawa hiyo aichome moto mara moja. Tuone ni nani waliouawa: hawakuwa wajinga wa kijijini. Walikuwa wasomi, watu wa vitabu, waliovutwa na mfano wa mwenzao mwenye sifa.

Afyuni ilipita njia ile ile. Li Shizhen aliiandika kati ya madawa. Baadaye watu walianza kuivuta pamoja na tumbako, hata mfalme akakataza biashara yake mwaka 1729. Wafanyabiashara Waingereza walizidi kuileta. Mwaka 1839 Lin Zexu aliharibu makasha zaidi ya 20000 huko Humen, na Uingereza ikajibu kwa vita vilivyodumu hata mwaka 1842. Kitu kilichoingia kwa mlango wa mganga kiliishia kuangusha taifa zima.

VII. Elimu ya leo inaongeza nini?

Kwanza, inasahihisha mawazo fulani. Kuna hadithi ya Kichina ya watu watatu waliosafiri katika ukungu: mwenye njaa alikufa, aliyeshiba aliugua, aliyekunywa pombe alikuwa mzima. Twajua sasa kwamba pombe inaleta damu nyingi kwenye ngozi. Mtu anasikia joto, kumbe mwili unapoteza joto lake la ndani.

Pili, Wachina wengi, yapata theluthi moja au zaidi, wamezaliwa na upungufu katika ini: kileo kikianza kuvunjwa, kinakwama katika hali ya sumu. Uso unakuwa mwekundu na moyo unapiga mbio. Watu hao wakiendelea kunywa, hatari ya kansa ya umio inazidi. Na kwa watu wote, tangu mwaka 1988 shirika la kimataifa la kuchunguza kansa limeweka vinywaji vya kileo katika fungu la vitu vinavyoleta kansa kwa hakika.

Tatu, baadhi ya pombe za dawa zenyewe zinaua. Jiwe la xionghuang lina arseniki, nalo likipashwa moto sumu yake inazidi. Mzizi wa akonito, ambao Wachina wanautumia kwa maumivu ya viungo, unasimamisha moyo. Waganga wa kale waliupika saa nyingi, na kupika huko kunavunja sumu. Lakini watu wa siku hizi wanaouloweka mbichi katika baijiu nyumbani hawaupiki. Hospitali za Uchina na za Hong Kong zimepokea wengi waliodhurika hivyo. Wamechukua dawa ya wazee, wakaacha ufundi wa wazee. Vilevile pombe ya mifupa ya chui mkubwa wa Asia, iliyosifiwa kwa karne nyingi, ilipoteza ruhusa mwaka 1993, serikali ilipokataza biashara ya mifupa hiyo.

VIII. Nasi tufanyeje?

Tumrudie sasa Mkristu wetu mwenye chupa ya mizizi. Hatuwezi kumwambia kwamba pombe haikuwa dawa kamwe. Mtakatifu Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Msamaria mwema alitia divai katika majeraha. Wachina nao wanashuhudia kwamba pombe yaweza kubeba dawa. Lakini mabwana wao wanatufundisha pia maswali ya kuuliza kabla ya kukubali.

La kwanza: ndani yake mna nini, na pombe yake ni ya nguvu gani? Zhang Zhongjing aliandika kila mzizi na kila sheng. Lutuku haina kipimo kilichoandikwa. Ya leo si kama ya jana. Mganga anayeficha yote hastahili kuaminiwa kwa maisha ya mtu.

La pili: inanywewa kiasi gani, na itakwisha siku gani? Dawa ya kweli ina mwisho wake. Ile inayonywewa miezi na miezi, na kipimo chake kinapanda, imekwisha kubadili kazi, hata kama mizizi ingalimo.

La tatu: je, haiwezi kunywewa kwa uji, kwa maji au kwa asali? Tukumbuke uji wa Zhang Zhongjing. Mara nyingi swali hilo peke yake linatosha. Mgonjwa wa kweli atafurahi kupata njia nyingine. Mwingine atakasirika, na hasira yake itatuonyesha alichokuwa akitafuta.

La nne: ni nani anayekunywa? Mtoto, mama mwenye mimba, mtu mwenye ugonjwa wa ini, na yule aliyekwisha kushindwa na pombe, hao wasipewe kwa sababu yoyote ya mizizi. Wapelekwe kwa daktari, nasi tuwasindikize kama inawezekana, kwani mara nyingi wanachokosa ni nauli na mtu wa kusema nao njiani.

Maswali hayo si magumu. Katekista aweza kuyauliza akiwa ameketi na mgonjwa mlangoni pake, kwa upole, bila kumwita mlevi wala kumtukana mganga wake. Na aanze na la kwanza, achukue chupa mkononi, aulize: «Ndugu, humu mna nini?»